Jua la Alasiri na Kioo cha Duka: Matumizi ya Utando wa Madirisha katika Majengo ya Biashara

Mada iliyotolewa katika mkutano wa wakazi, wafanyabiashara na wamiliki wa majengo wa kata



Anayepita barabara ya maduka kati ya saa tisa alasiri na saa kumi na mbili jioni hukutana na jambo la ajabu kidogo. Vioo vikubwa vilivyonunuliwa kwa fedha nyingi, ili bidhaa zionekane tangu barabarani, vimezibwa kwa maboksi yaliyopasuliwa, magazeti yaliyobandikwa kwa gundi, au khanga iliyotundikwa kwa misumari. Nyuma ya vizuizi hivyo muuzaji amehamisha kiti chake hadi kona ya mwisho, na feni inamrushia hewa ile ile ya moto. Kioo kiliwekwa ili duka lionekane, kisha kikazibwa ili duka likalike.

Jambo hili si la starehe tu. Dawa nyingi zina maelekezo kwenye boksi lake kwamba zihifadhiwe chini ya nyuzi 30 za Selsiasi, mbali na mwanga wa jua. Duka la dawa lenye kioo kinachoelekea magharibi laweza kuvuka kiwango hicho kila alasiri, na mgonjwa anayenunua kidonge kesho yake hana namna ya kujua. Vitambaa hupauka kabla ya kuuzwa. Karani anayekodolea kompyuta yenye mng'ao wa jua humaliza siku kwa maumivu ya kichwa na macho mekundu. Mwenye kiyoyozi naye hushangaa uniti za LUKU zinavyokwisha. Isitoshe, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imemkabidhi mwajiri wajibu wa kulinda afya ya anaowaajiri, na joto la chumba cha kazi ni sehemu ya afya hiyo.

Miongoni mwa tiba zinazouzwa sasa ni utando wa plastiki unaobandikwa juu ya kioo, ambao mafundi na wateja wengi huuita tinti. Utando huo ukichaguliwa vizuri hufanya kazi. Ukichaguliwa vibaya, mwenye duka hulipa fedha, hukaa gizani, na joto hubaki palepale. Tofauti kati ya hali hizo mbili imo katika neno moja ambalo mada hii inataka lishikwe na kila mnunuzi: weusi wa kioo si ubaridi wa chumba.

Joto huingiaje?

Nishati ya jua hufika duniani kwa namna tatu. Sehemu ndogo, isiyofikia moja ya kumi, ni mionzi ya urujuanimno, ambayo macho hayaioni lakini ndiyo hasa inayopausha vitambaa na kuunguza ngozi. Sehemu ya pili, inayokaribia nusu, ni mwanga unaoonekana. Sehemu ya tatu, ambayo nayo ni kama nusu, ni mionzi ya infraredi: haionekani kabisa, bali huhisiwa na ngozi kama joto.

Kioo cha kawaida kisicho na rangi hupitisha sehemu kubwa ya nishati hiyo. Kioo chenye unene wa milimita 6 huruhusu takriban asilimia 80 ya joto la jua kuingia ndani. Miale ikishaingia huangukia sakafu, meza na bidhaa, navyo hupata moto na kuanza kutoa joto lake. Joto hilo la pili haliwezi kupita kwenye kioo na kurudi nje kwa urahisi ule ule. Yeyote aliyewahi kuingia katika gari lililoachwa juani likiwa limefungwa vioo analijua somo hili bila kufundishwa.

Hapo ndipo inapoonekana kwa nini pazia la ndani halitoshi. Pazia huzuia mng'ao na kumpumzisha karani macho, lakini miale inapoligusa huwa imekwisha kupita kioo. Sehemu kubwa ya joto hubaki chumbani, kati ya kioo na kitambaa, kisha husambaa. Joto huzuiwa vyema zaidi likiwa bado nje, na likishindikana nje, lizuiwe kwenye kioo chenyewe.

Hesabu ya dirisha moja

Kiasi cha joto hilo kinaweza kukadiriwa kwa hesabu rahisi. Lichukuliwe duka lenye kioo cha upana wa mita 3 na kimo cha mita 2, yaani mita za mraba 6, kinachotazama magharibi. Alasiri isiyo na mawingu, wati 500 za nishati ya jua kwa kila mita ya mraba ya kioo kama hicho si makadirio ya kupita kiasi. Kioo kizima basi hupigwa na wati 3,000, na kikiwa cha kawaida huingiza kama wati 2,400. Ni sawa na kuwasha pasi mbili za umeme katikati ya duka na kuziacha zikiwaka hadi jua litue.

Kiyoyozi kidogo cha BTU 9,000 kina uwezo wa kuondoa joto la kama wati 2,600. Maana yake ni kwamba dirisha hilo moja linakaribia kumaliza nguvu zake zote, kabla ya kuhesabu joto la paa, la friji, la taa na la watu waliomo.

Sasa kioo hicho kibandikwe utando unaoruhusu asilimia 40 tu ya joto la jua. Joto linaloingia hushuka hadi wati 1,200. Kwa saa tatu za alasiri, joto lililozuiwa ni uniti 3.6. Kiyoyozi cha kawaida hutumia takriban uniti 1 ya umeme kuondoa uniti 3 za joto. Hivyo umeme uliookolewa ni kama uniti 1.2 kwa siku, au uniti 31 kwa mwezi wenye siku 26 za kazi. Siku za mawingu zitapunguza hesabu hiyo. Kila mfanyabiashara aizidishe kwa bei anayolipia uniti moja, kisha ailinganishe na gharama ya utando na ufundi. Asiye na kiyoyozi hataona akiba katika LUKU. Faida yake itakuwa katika bidhaa zisizoharibika na mfanyakazi anayeweza kukaa mahali pake pa kazi.

Aina za utando na namna ya kuzisoma

Utando wa madirisha hutengenezwa kwa plastiki ya poliesta. Ule wa kuzuia jua ni mwembamba mno, kwa kawaida chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Kinachotofautisha mmoja na mwingine ni kile kilichotiwa ndani yake.

Aina ya kwanza na ya bei nafuu ni utando wa rangi. Rangi hufyonza mwanga, na mng'ao hupungua. Lakini sehemu kubwa ya mionzi ya infraredi huupita, na ule mwanga uliofyonzwa hugeuka kuwa joto ndani ya kioo, kisha sehemu yake huelekea chumbani. Baada ya miaka kadhaa ya jua kali, tando nyingi za aina hii hupauka na kugeuka zambarau, kama ionekanavyo kwenye vioo vya magari ya zamani.

Aina ya pili ni utando wenye tabaka jembamba la metali, unaorudisha miale nje kama kioo cha kujitazamia. Huzuia joto vizuri. Aina ya tatu hutumia chembe za seramiki, au matabaka mengi ya plastiki yaliyopangwa kwa ustadi, ili kuzuia infraredi na kuacha sehemu kubwa ya mwanga ipite. Hii ya tatu huwa ghali zaidi, nayo ndiyo inayowashangaza wengi, kwa sababu kioo huonekana karibu hakina kitu ilhali joto limepungua.

Hivyo basi, utando mweusi wa rangi tupu waweza kuingiza joto zaidi kuliko utando angavu wa seramiki. Macho hayawezi kuamua. Kinachoamua ni takwimu zilizo kwenye karatasi ya maelezo ya mtengenezaji, na mnunuzi ana haki ya kuziomba kabla ya kutoa fedha. Herufi VLT huonyesha asilimia ya mwanga unaopita: namba ikiwa ndogo, kioo ni cheusi. Herufi SHGC huonyesha sehemu ya joto la jua inayoingia: 0.80 ni asilimia 80, na 0.40 ni asilimia 40. Mahali pengine huandikwa TSER, ambayo ni asilimia ya nishati yote ya jua iliyozuiwa. Hapo namba kubwa ndiyo njema. Muuzaji anayetaja weusi tu, au anayesema utando wake unazuia asilimia 99 bila kueleza ya nini, aulizwe tena. Mara nyingi ile asilimia 99 ni ya urujuanimno, ambayo ni sehemu ndogo ya joto lote, na karibu kila utando mzuri huizuia.

Wauzaji wengine huwasha taa ya joto nyuma ya kipande cha utando na kumwomba mteja aweke mkono. Taa hiyo hutoa infraredi kwa wingi kuliko jua lenyewe, kwa hiyo huusifu utando kupita kiasi. Jaribio la haki ni kubandika kipande kwenye kioo kimoja cha duka lenyewe, kuacha cha jirani yake kitupu, na kulinganisha kwa kipimajoto na kwa mkono alasiri kadhaa za jua kamili.

Dirisha linatazama wapi?

Tanzania ipo karibu na Ikweta. Katika ukanda wa Dar es Salaam jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mapema Oktoba, na hata mwezi Juni, linapokuwa limeelekea kaskazini, adhuhuri bado husimama nyuzi 60 juu ya upeo wa macho. Kwa sababu hiyo dirisha la kaskazini au la kusini lenye baraza la kutosha hupata kivuli saa za adhuhuri bila gharama nyingine.

Taabu ipo mashariki na magharibi. Saa kumi na nusu jioni jua huwa limeinama hadi nyuzi 30 hivi. Kwa jua linalopiga uso kwa uso, baraza lenye upana wa mita 1 hutia kivuli kwenye sentimita 60 tu za juu za dirisha; sehemu yote ya chini hubaki juani. Hapo ndipo utando unapostahili fedha zake. Mwenye jengo asiye na uwezo wa kubandika madirisha yote aanze na ya magharibi, afuate ya mashariki, na mengine ayaache hadi atakapoona haja.

Lakini kabla ya utando kuna kivuli. Wazee wa pwani hawakuwa na plastiki wala kiyoyozi. Nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar zilijengwa kwa kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, zikakaribiana kuvuka vichochoro vyembamba ili ukuta wa mmoja umtie kivuli mwenzake, na madirisha yake yakapewa mbao zinazopitisha hewa na kuzuia jua. Vyaelea vimeundwa: ubaridi ule haukuwa bahati. Turubai la kukunjua mbele ya duka, ubaraza wa makuti, ukuta wa matofali yenye matundu au mwarobaini uliopandwa upande wa magharibi huzuia jua kabla halijafika kwenye kioo. Mahali ambapo kivuli hicho chawezekana, kitangulie. Utando ni wa jengo ambalo limekwisha kusimama na vioo vyake, mbele yake kuna barabara, na hapana pa kuchimba shimo la mti.

Vilevile ieleweke kwamba utando haupozi hewa. Dirisha likifunguliwa, upepo wa moto utaingia kama zamani. Duka lenye vioo visivyofunguka kabisa, bila kiyoyozi, litaendelea kuwa jiko hata likibandikwa utando bora, kwa kuwa joto la paa na la watu halina pa kutokea. Mwenye duka la namna hiyo atafute kwanza njia ya hewa.

Madhara ya kuepukwa

Kwanza, kioo chaweza kupasuka. Utando unaofyonza jua hukipasha kioo moto katikati, ilhali kingo zake zilizofichwa ndani ya fremu hubaki baridi. Mvutano huo huweza kukipasua kioo, hasa chenye waya ndani, kilichokwisha kutiwa rangi kiwandani, kilicho cha tabaka mbili, au chenye kingo zilizomeguka. Fundi achunguze kioo kabla ya kubandika, na mwenye jengo aulize kama utando huo unafaa kwa aina hiyo ya kioo.

Pili, utando unaong'aa kama kioo cha kujitazamia hufanya kazi upande wenye mwanga mwingi. Mchana walio nje hawaoni ndani. Usiku taa za dukani zikiwaka, mambo hugeuka: aliye ndani hujiona mwenyewe kwenye kioo, na aliye nje humwona yeye na sanduku lake la fedha. Anayefunga biashara baada ya magharibi aandae pazia.

Tatu, miale inayorudishwa haipotei. Inakwenda kwa mtu mwingine. Mwaka 2013 mjini London, jengo la ghorofa la 20 Fenchurch Street, lenye uso wa vioo uliopinda kwa ndani, lilikusanya jua na kulielekeza barabarani kwa ukali uliotosha kuyeyusha sehemu za gari lililoegeshwa. Baadaye jengo hilo liliwekewa vizuizi vya jua kwa nje. Kioo bapa cha duka hakikusanyi miale kwa namna hiyo, lakini chaweza kumtia upofu wa dakika dereva wa bodaboda, au kuhamishia joto kwenye kibanda cha mama lishe aliye ng'ambo. Ujirani mwema wataka jambo hili lifikiriwe kabla ya kubandika.

Nne, giza lina gharama. Kioo kikiwa cheusi mno, taa zitawashwa saa sita mchana, na kile kilichookolewa kwenye kiyoyozi kitalipwa kwenye taa. Wateja nao hupita wakidhani duka limefungwa.

Ubandikaji, utunzaji na mikataba

Utando hubandikwa kwa kawaida upande wa ndani. Kioo huoshwa kwa maji ya sabuni na kukwanguliwa hadi kusibaki vumbi, utando huwekwa ukiwa na maji, kisha maji hukamuliwa kwa mpira kutoka katikati kwenda pembeni. Fundi mzuri hufunga feni na milango wakati wa kazi ili vumbi lisiingie, na huacha nafasi nyembamba ya milimita 1 au 2 kandokando ya fremu. Malengelenge madogo ya maji huonekana mwanzoni, nayo hukauka kwa siku kadhaa hadi mwezi mmoja. Yaliyoshika vumbi hayataondoka, na fundi arudie kazi yake. Baada ya hapo kioo kisafishwe kwa kitambaa laini na maji ya sabuni. Dawa zenye amonia na brashi ngumu huharibu utando.

Jambo la mwisho ni la makubaliano, nalo huzua ugomvi mwingi. Wafanyabiashara wengi ni wapangaji. Mpangaji hununua utando, mwenye jengo hubaki nao. Au mpangaji huondoka, gundi ikabaki kwenye kioo, na mwenye jengo akadai gharama. Ni busara pande mbili ziandikiane kabla ya kazi: nani analipa, nani ana dhamana kioo kikipasuka, na utando utakuwa wa nani mkataba ukiisha. Mnunuzi naye adai risiti halali, jina la utando ulionunuliwa, na dhamana iliyoandikwa inayotaja miaka na kasoro zinazohusika. Maneno ya mdomo hupauka upesi kuliko rangi.

Ndugu wananchi, mwenye duka anayetaka kuanza hana haja ya kuanza na fedha. Aweke kipimajoto kwenye rafu ya bidhaa zake zinazodhurika na joto, aandike kinavyosoma saa nne asubuhi, saa nane mchana na saa kumi na moja jioni kwa siku saba, na atie alama dirisha lililokuwa na jua kila alipoandika. Karatasi hiyo moja itamwonyesha kama adui wake ni kioo, ni paa au ni ukosefu wa hewa. Kama ni paa, utando hautamsaidia, na atakuwa ameokoa fedha zake. Kama ni kioo cha magharibi, ataingia dukani kwa fundi akijua anachokitafuta, naye ataulizia kiwango cha joto linaloingia kabla ya kuulizia rangi.